Dumu Lililojaa Hadi Shingoni

Mama yangu anauza asali pale Tura, na kwa miaka mingi ameisafirisha kwa treni ndani ya madumu ya plastiki. Mwaka juzi dumu moja lilimponyoka mpakiaji mlangoni mwa behewa. Lilipasuka. Asali ikatapakaa kwenye kokoto za reli, na nyuki wakafika kabla hatujajua la kufanya.

Nilikuwa nimeenda kwake likizo. Mimi ni mwalimu wa fizikia mjini Tabora, na jambo lile lilininyima raha. Dumu lilikuwa jipya, gumu, lakini limechanika kwenye mshono.

"Mama, ulilijaza kiasi gani?"

"Hadi shingoni. Mteja akiona nafasi atasema nimempunja."

Nikakaa na daftari. Nilichora dumu lililojaa na dumu lenye nafasi juu, nikapiga hesabu za kuanguka kutoka kimo cha behewa. Kimiminika hakibanwi kwa urahisi. Dumu lililojaa likigonga chini, msukumo wote unaishia kwenye kuta zake. Hewa kidogo ikiwepo, inabanwa yenyewe kwanza na kishindo kinapungua. Nilimweleza mama nikiwa nimechangamka kweli. Akanisikiliza hadi mwisho huku anachambua maharage.

"Mwanangu, hiyo ni karatasi."

Basi tukaingia kwenye vitendo. Mjomba, kaka yake mama, ni mwashi, na siku hizo alikuwa anatujengea ukuta uani. Jukwaa lake lilikaribia kimo cha behewa. Tulijaza maji madumu sita makuukuu: matatu pomoni, matatu tukaacha nafasi ya vidole vinne. Mjomba akayadondosha moja moja, akihesabu kwa Kinyamwezi kwa sauti ya kutangaza. La kwanza lilipasuka likaniloanisha kuanzia kichwani. Wanakwaya wenzake mama, waliompitia waende mazoezini, hawakuondoka tena, walibaki wakishangilia.

Kati ya yaliyojaa, mawili yalipasuka. Kati ya yenye nafasi, moja, tena kwa sababu liliangukia pembe. Kwenye mchoro wangu yote yalitua wima.

"Na treni imekuahidi itayaangusha wima?" mjomba akauliza kutoka juu. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Mama hakucheka. "Maji si asali," alisema. Akaingia ndani, akatoka na dumu la asali, akamimina kwenye bakuli hadi ikabaki nafasi ya vidole vinne, akafunga kifuniko na kumpa kaka yake. Kama nimekosea, ni jasho la mama lile.

Mjomba akaliachia. Lilitua kwa kishindo kizito, likalala ubavu. Mama akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye mshono wote, akanusa vidole.

"Kavu!"

Vigelegele vikapaa. Wanakwaya wakalivamia lile bakuli kwa vidole, na mazoezi ya siku hiyo yakafanyikia uani kwetu, mimi nikiwa bado nimelowa.

Siku hizi mama anauza kwa mizani. Mteja akiuliza, humjibu: "Nafasi hiyo ni ya hewa. Ndiyo inayoilinda asali yako." Juzi mnunuzi kutoka Puge alitaka kujua nani aligundua.

"Mimi," mama alimjibu mbele yangu. "Huyu binti yangu alishika daftari."