Mawese Kwenye Mashine ya Gololi

Kazi yangu ni usafi, na silisemi hilo kwa kuinamisha kichwa. Nyumba ya wageni ninayofanyia kazi iko kando ya ziwa hapa Kigoma, na sakafu zake nyekundu nimezipiga nta mimi kwa miaka kumi na miwili. Wapo wageni wanaovua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu. Nikiwaona hivyo, siku yangu inakuwa njema hata kama sijanywa chai.

Kwenye baraza ya mbele kuna mashine ya gololi. Kwa asiyeijua, ni kama meza iliyoinama kidogo, yenye kioo juu. Unavuta mpini wa springi, gololi ya chuma inapanda hadi juu, kisha inateremka ikigonga vinguzo vyenye mpira na kuwasha taa. Kazi yako ni kuizuia isitumbukie shimoni, kwa mabawa mawili madogo unayoyachezesha kwa vidole. Marehemu mume wa bosi wangu aliinunua kwa wageni fulani waliofunga ofisi yao na kuuza kila kitu hadi vijiko. Jumapili watu hupanda bodaboda kutoka Gungu kuja kuicheza.

Mwaka huu gololi ikaanza uvivu. Kwanza ikawa inateremka kwa kujikokota, baadaye ikawa inafika katikati na kutulia hapo hapo, taa zote zinawaka na yenyewe haina habari. Bosi wangu ni mama wa Ujiji asiyependa maneno mengi. Akamwita fundi wa redio kutoka Mwanga, naye fundi akafungua kioo, akachokonoa huku na kule.

"Mama, umeme haufiki sawasawa kwenye nyundo zinazosukuma gololi," fundi akasema. "Na vipuri vya kitu hiki hupati. Hii imeshakufa."

"Basi," bosi akasema, "Jumatatu wale wa chuma chakavu wakipita, waichukue."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Kioo kilikuwa wazi, na harufu iliyotoka mle ndani niliijua kabla sijainama kuangalia. Ilikuwa harufu ya mawese yaliyochacha.

Hapa niseme ukweli. Mwaka uliopita bosi alinipa ufunguo nifute vumbi ndani ya kile kioo. Nikafuta, nikaona ubao inapoteremkia gololi umefifia, rangi za picha zilizochorwa juu yake zimepauka. Mimi nimezaliwa Mwamgongo, na kwa mama yangu hakuna kitu cha mbao kisichopakwa mawese: kigoda, kinu, mpini wa jembe, vyote vinang'aa. Nikachovya kitambaa, nikaupaka ubao wote. Ukapendeza kweli kweli. Wiki ile kila aliyepita aliusifia, nami nikavimba kichwa. Sikujua kwamba mawese yakikaa chini ya kioo juani yanageuka gundi. Vumbi likanasa, gololi ikasaga vumbi lile, na sasa mashine ya watu inakwenda kuuzwa kwa kilo kwa sababu yangu. Na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

"Mama, niachie mimi hadi Jumapili," nikasema.

Fundi akacheka. "Dada, hii siyo sakafu."

Neno lile lilinikereketa siku tatu. Sakafu! Kana kwamba sakafu inajisafisha.

Nilianza Alhamisi baada ya kumaliza vyumba. Kioo nilikilaza juu ya godoro. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote nilipiga picha kwa simu, na kila skrubu niliyoitoa niliiweka kwenye shimo lake katika trei ya mayai, kwa mpangilio, ili nisije nikabaki na tatu mkononi nisijue za wapi. Mipira ya kwenye vinguzo nikaivua na kuiosha kwa sabuni. Ilikuwa myeusi tii. Ikatoka myeupe, nami nikacheka peke yangu.

Ubao ndio uliokuwa na shughuli. Nilijaribu spiriti kwenye pembe ambayo haionekani, kitambaa kikarudi na rangi ya bluu. Nikaacha mara moja. Nikakaa chini, nikajiuliza: mafuta yakimwagika kwenye gauni, tunafanyaje? Nikaenda jikoni, nikachukua unga wa muhogo, nikaunyunyiza ubao mzima na kuuacha ulale hapo hadi kesho yake. Ijumaa nikaupangusa kwa brashi laini. Unga ulikuwa umekuwa rangi ya chungwa. Nikarudia tena, na mara ya tatu, hadi ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Kisha nikapita na kitambaa cha maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, nimekikamua mpaka hakidondoshi hata tone.

Nta ya sakafu ilikuwepo stoo, kopo zima. Niliishika, nikairudisha. Safari hii sikutaka kubahatisha. Nikaenda Gungu kwa kijana mmoja anayeosha magari, nikamweleza shida yangu, akanichotea nta ngumu ya kung'arishia magari kwenye kifuniko cha chupa. "Paka nyembamba, shangazi," akaniambia. "Ikinenepa inanata." Hilo la kunata nilikuwa nimeshalisoma kwa machozi.

Nikapaka kwa fulana kuukuu, duara dogo dogo, nyembamba mpaka huioni. Nikasubiri ikauke na kuwa kama ukungu, nikaisugua. Nikapaka mara ya pili, nikasugua tena hadi mkono ukafa ganzi. Jumamosi alasiri niliweka kidole juu ya ubao, kidole kikateleza chenyewe. Picha zote zilikuwa zimerudi na rangi zake, na safari hii hakukuwa na mafuta ya kunidanganya. Nikarudisha mipira na kila skrubu mahali pake kwa kufuata picha za simu, nikafunga kioo. Nilijisikia fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Jumapili watu walijaa barazani, na fundi naye akaja, nadhani ili aone nikiaibika. Bosi mwenyewe akavuta mpini. Gololi ikapanda, ikazunguka juu, ikashuka kwa kasi hadi bosi akakosa kuizuia. Watu wakashangilia. Akavuta tena, na tena.

"Haya, dada," fundi akasema, "ilikuwa waya gani?"

Ningeweza kutaja waya wowote, na wote wangeniamini, maana kila jicho lilikuwa kwangu na hakuna aliyekuwa amewahi kuniangalia hivyo. Lakini kazi ile ilikuwa safi, nami sikutaka kuichafua kwa mdomo wangu.

"Haikuwa waya. Yalikuwa mawese," nikasema. "Niliyapaka mimi mwenyewe, mwaka jana."

Wengine walicheka. Bosi hakucheka.

"Ningeiuza kesho," akasema.

"Najua, Mama."

"Mara nyingine ukitaka kukipaka kitu, uniulize kwanza."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Samahani sana, Mama, kwa lile la mwaka jana. Lakini kuhusu kupaka, sasa wewe ndiye wa kuniuliza mimi."

Bosi akanikazia macho, halafu akamtazama fundi, halafu akautazama ubao. Kisha akasogea pembeni. "Njoo ucheze," akasema.

Miaka yote niliyoifuta ile mashine, sikuwa nimewahi kuugusa ule mpini. Nikafuta mikono yangu kwenye aproni, nikauvuta.