Nafasi Tupu ya Celina

Virginia Njura alitunza takwimu za kliniki moja ya macho mjini Embu kwa miaka kumi na minane, na hakuna aliyemsikia akijisifu kwa kazi hiyo.

Mwaka wake wa kwanza, madaktari wageni walikuja kwa wiki moja kuwapasua wazee wenye mtoto wa jicho. Virginia akaiagiza kompyuta ichague kutoka kwenye jedwali la wagonjwa kila mstari ambao umri umezidi sitini, na safu mbili tu, jina na simu. Orodha ikatoka upesi, akaichapisha bila kuikagua.

Bibi kizee Celina kutoka Manyatta, aliyekuwa haoni kwa mtoto wa jicho, hakuwamo. Hakujua mwaka aliozaliwa, kwa hiyo nafasi ya umri wake ilikuwa tupu, na kompyuta ikamruka.

Aliitwa kupasuliwa mwaka uliofuata, madaktari waliporudi. Bandeji ilipotolewa, Virginia alikuwa kando yake na fomu. Celina akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ni msichana mdogo hivi," akasema. "Mzee wangu tulimzika mwezi wa tano. Nilitaka nimwone uso mara moja tu, lakini sikuitwa."

"Shosho, kosa ni langu," Virginia akasema. "Sikuangalia walioachwa bila umri."

"Ungejuaje, na mimi mwenyewe siujui?"

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Virginia. Baadaye alijifunza kutanguliza mistari isiyo na umri na kuwapigia wenyewe simu. Wengi walipona kwa njia hiyo. Bado alimfikiria mume wa Celina, ambaye hata jina lake hakuliuliza.