Aliikataa filimbi ya baba, leo anasimamisha ndege

Saa nne asubuhi, na lami ya uwanja wa ndege imeshaanza kutoa mvuke wa joto. Mwanamke mmoja mwembamba amesimama peke yake kwenye mstari wa manjano, masikio yamezibwa kwa vikombe vya plastiki, mikononi ameshika vijiti viwili vya rangi ya chungwa. Mbele yake ndege ya abiria sabini inakata kona na kumjia moja kwa moja.

Hakimbii. Anainua vijiti juu ya kichwa kumjulisha rubani kwamba ni hapa, halafu anaanza kuvipandisha na kuvishusha mbele ya kifua, bila haraka, kama anayemwita mtoto anayejifunza kutembea. Ndege inakuja. Mikono inafunguka, inapanda, vijiti vinapishana juu ya kichwa. Pua ya ndege inainama kidogo kisha inatulia.

"Umeona gurudumu la mbele?" anauliza kwa sauti kubwa injini zikizimika, huku akivua vikombe vya masikio. "Limekaa kwenye alama. Ukimwona baba yangu mwambie umeona kwa macho yako, asije akasema nimekuhonga."

Hapa uwanjani kila mtu anamwita Trafiki. Jina hilo alipewa kwa kejeli, na habari yake inakuja. Kwa sasa tazama viatu vyake. Wenzake wote wamevaa viatu vilivyochoka kwa vumbi na mafuta. Vyake ni buti nyeusi zinazong'aa kiasi kwamba unaweza kujitazama humo ukichana nywele.

Kazi yake watu huichanganya na ya wale wanaokaa mnarani wakiongea na marubani kwa redio. Yeye ni wa chini. Ndege ikishatua na kukaribia maegesho, yeye ndiye anayeiongoza mpaka mahali pake kwa mikono yake na vile vijiti.

"Rubani akikaa kule juu haoni magurudumu yake, wala ncha za mabawa haoni vizuri," anaeleza. "Hapa mwishoni anaazima macho yangu. Nikikosea, bawa linakwenda kugonga ukuta, au gari la mafuta, au mtu."

Ana umri wa miaka ishirini na tisa. Na kama mambo yangekwenda kama yalivyopangwa nyumbani kwao, leo angekuwa afande.

Baba yake ni Sajini. Amestaafu, lakini mtaa mzima unamwita hivyo, hata mkewe. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza akiwa amesimama kwenye makutano makuu ya mji, filimbi mdomoni, glavu nyeupe mikononi. Wakati wa likizo binti yake ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Alikuwa akijibanza mlangoni kwa muuza vitabu na kumwangalia.

"Baba akiinua mkono mmoja, kiganja mbele, lori la mchanga linasimama," anakumbuka. "Nilikuwa najiona mtoto wa mfalme."

Nyumbani alimwiga. Mama yake, mkunga wa zahanati, mwanamke wa kucheka kwa sauti, anasema hapakuwa na kupita kwa amani kwenye ukumbi wa nyumba ile.

"Siku moja nimebeba sufuria la maji ya moto, kasimama mbele yangu, kainua kiganja. Na mimi nikasimama! Vidole vinaniungua, nimesimama! Mkono ulikuwa wa baba yake mtupu."

Kwa Sajini, shauri lilikuwa limekwisha tangu siku hiyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti atamaliza shule, atakwenda chuo cha polisi, atavaa gwanda. Wageni walipokuja waliambiwa hivyo kabla hata ya kukaribishwa maji.

Kilichoharibu hesabu ni ziara ya shule. Walipelekwa uwanja wa ndege, wenzake wakaziangalia ndege, yeye akamwangalia mzee mmoja mwenye vijiti viwili. "Nikamshika mwalimu mkono. Nikamwambia, kumbe ndege nazo zina trafiki wake!"

Alipomaliza shule aliomba nafasi kwenye vyuo vyote viwili, cha polisi na cha usafiri wa anga, akidhani atakosa kimoja. Akapata vyote. Na kama vile vyuo vilikuwa vimekula njama, vyote vilimtaka aripoti Jumatatu ileile.

Jumapili mchana alikuta buti jipya jeusi mlangoni pa chumba chake, limepigwa rangi likang'aa. Sajini alikuwa amekwenda kulinunua mwenyewe. Aliliweka tu hapo, ncha zikitazama nje.

"Nililia," anasema Trafiki, wala hafichi. "Nilikuwa nampenda baba na nilikuwa naipenda kazi yake. Watu wanadhani niliidharau. Hata kidogo. Lakini nilikuwa nimemwona akirudi jioni, anachovya miguu kwenye karai la maji ya chumvi, anatuhadithia nani kamtukana leo. Barabarani unamsimamisha mtu asiyetaka kusimama, na anakuchukia kwa hilo. Mimi nilitaka kumsimamisha mtu anayeningojea mimi nimsimamishe."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema mezani jioni ile, wakati wa chakula. Sajini akaweka kijiko chini.

"Ndege zina wenyewe," akamjibu. "Barabara ndiyo yetu." Akanyanyuka.

Jumatatu buti lilibaki mlangoni. Binti akaondoka na raba zake.

Ukimya uliofuata, mama anausimulia sasa kwa kicheko, lakini wakati ule haukuchekesha. Binti alikuwa akisoma na kurudi nyumbani kila siku, na baba hakumsemesha. Alipitisha maneno kwa mkewe kama anayetuma barua.

"Anasema, 'Mwambie binti yako anipe chumvi.' Na binti amekaa karibu naye kuliko mimi! Nikamwambia, Sajini, mimi ni mkunga, si mkalimani. Mtoto akishaamua njia ya kutokea, humrudishi. Unampokea."

Hakupokea. Na hapo ndipo ulipokuja mtihani wa vitendo.

Chuoni wanafunzi hawapewi ndege ya kuchezea. Walikuwa na trekta lililofungiwa boriti ndefu mgongoni, huku na huku, ndiyo mabawa. Dereva aliagizwa atii ishara sahihi tu; ukimwonyesha kitu kingine, aendelee na safari yake. Trafiki alilileta trekta vizuri, akaligeuza vizuri, akalinyoosha kwenye mstari. Kilichobaki ilikuwa kulisimamisha.

Akainua mkono mmoja. Kiganja mbele.

"Sikuamua," anasema. "Mkono ulipanda wenyewe."

Trekta likaendelea. Likampita, boriti ikafyeka ndoo zote za alama, ikaangusha meza ya msahihishaji pamoja na kikombe chake. Msahihishaji huyo, ambaye leo ndiye mkuu wake wa kazi hapa uwanjani, anacheka akikumbuka.

"Nilimwambia, hongera, umevunja bawa na umemwaga chai yangu. Darasa zima likapiga kelele: Trafiki! Jina likaganda. Lakini sheria ni sheria. Nilimpa wiki mbili arudie. Akianguka tena, anaaga."

Na chuo cha polisi kilikuwa kimekwishafunga milango. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu alikuwa mbioni kuponyokwa na zote mbili, na nyumbani kulikuwa na mtu ambaye angeweza kusema, "Nilikwambia."

Alimweleza mama yake jikoni, akijua baba yuko ukumbini. Alieleza kila kitu, mpaka chai iliyomwagika.

Asubuhi yake, Jumamosi, alipotoka nje kufua, alimkuta Sajini katikati ya ua, amevaa ndala, mikono ameitandaza upana wote. Juu ya ndoo alikuwa ameweka miiko miwili ya mkewe.

"Chukua hiyo," akamwambia. Lilikuwa neno la kwanza baada ya miezi. "Mimi ndege. Nilete."

Sajini mwenyewe, tulipomkuta kwake, hakutaka sana kulizungumzia. Alitazama pembeni, akakuna kidevu.

"Nilisikia anavyomwambia mama yake. Kwamba mkono ulipanda wenyewe. Nikajua huo mkono si wake, ni wangu. Nilimpa mwenyewe, na ndio unaotaka kumfukuzisha shule. Sasa utakaa umenuna mpaka lini? Mzigo wako, ukautue."

Basi wiki mbili nzima, kila jioni akitoka zamu, Sajini alikuwa ndege. Alizunguka mti wa limau, akapita chini ya kamba ya nguo, akamjia binti yake na mabawa yake ya mikono. Majirani waliweka viti. Mmoja aliuliza kwa sauti kama Sajini anapeleka abiria wapi na nauli ni kiasi gani.

Binti aliposahau na kuinua kiganja kimoja, Sajini hakusimama. Alimkanyaga vidole. Mara nyingine alimpita akaenda kugonga ukuta wa choo kwa kifua. Mtu ambaye hajapata kuruhusu gari hata moja lipuuze mkono ule, sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeupuuza, tena na tena, mbele za watu.

"Aliniambia, 'Usimtii huyo trafiki. Huyo trafiki nimemfukuza kazi leo,'" anakumbuka Trafiki. "Hapo ndipo nilipojua ananipenda kuliko anavyoipenda kazi yake. Na alikuwa anaipenda kazi yake."

Siku ya marudio trekta lilisimama kwenye mstari kama limepigwa msumari. Msahihishaji alikuwa ameshika kikombe chake mkononi, kwa tahadhari.

Aliporudi nyumbani, buti jeusi lilikuwa tena mlangoni pa chumba, limepigwa rangi upya. "Nimeuliza," Sajini alisema kutoka ukumbini. "Uwanja wa ndege hawakatazi buti nyeusi." Analivaa mpaka leo. Soli imebadilishwa mara mbili, na kila Jumapili mzee huomba apelekewe alipige rangi, maana anasema vijana wa siku hizi hawajui kung'arisha kisigino.

Kazi yenyewe si lelemama. Anasimama kwenye jua na mvua, na wakati mwingine mpaka zamu inaisha hajakaa. Theluthi ya mshahara inamezwa na kodi ya chumba alichopanga karibu na uwanja. Tangu miezi ya mwanzo dereva mmoja wa gari la mizigo alikuwa akimwuliza kila siku kama haogopi kupeperushwa na upepo wa injini.

Dereva huyo aliacha maswali mwaka jana. Siku hiyo kulivuma upepo wa ghafla wakati ndege imekaribia kabisa. Toroli la mizigo, ambalo mtu alisahau kulifunga breki, likaanza kuteleza lenyewe kuelekea njia ya ndege, upande ambao rubani hauoni. Trafiki aliliona kwa pembe ya jicho. Vijiti vilipishana juu ya kichwa kabla hajapata muda wa kufikiri. Ndege ikasimama ghafla, toroli likapita mbele ya pua yake na kwenda kujigonga kwenye uzio.

Abiria waliona kama breki mbaya tu. Rubani alikuwa ameliona toroli likimpita mbele. Alishuka ngazi, akamfuata, akamvulia kofia.

"Kama ningeinua mkono mmoja," anasema, "rubani angejiuliza, huyu ananisalimu au vipi? Na kujiuliza huko kungetosha."

Jioni alimpigia baba yake simu. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili, baba."

"Haya. Kale, ukalale." Mama anasema mzee alipokata simu alitoka nje akakaa peke yake karibu na mti wa limau, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi. Siku hiyo hawakuwa wamewasha moto.

Mwezi ujao Trafiki anaanza mafunzo ya ukufunzi, ili naye asimame mbele ya darasa na trekta lile la boriti, ambalo bado liko hai. Mkuu wake amekwishamshauri asiweke chai mezani.

Lakini kuna jambo analolingoja zaidi ya hilo. Sajini, mtu aliyekuwa ndege wiki mbili, hajapata kupanda ndege hata siku moja. Sasa binti amejinyima, amemkatia mzee tikiti akamtembelee dada yake na kurudi. Amemwombea kiti cha dirishani. Na zamu ya siku ya kurudi ameshaiomba na kupewa.

"Ameshanitisha," anasema akicheka. "Ananiambia, 'Ukiniegesha vibaya nakuandikia faini.'"

Ndege nyingine inasikika kwa mbali. Trafiki anarudisha vikombe masikioni, kisha anavishusha tena, kana kwamba amekumbuka kitu.

"Nimepanga hivi. Nitamleta, nitamsimamisha kwa mikono yote miwili, kama alivyonifunza. Nitangoja injini zizime, kabari ziwekwe kwenye magurudumu. Hapo hakuna rubani tena anayenisoma. Ndipo nitaweka vijiti chini, nitatazama dirisha lake, niinue mkono mmoja."

Anauinua kunionyesha: mkono umenyooka, kiganja mbele, vidole vimebanana. Dereva wa gari la mizigo aliyekuwa akipita nyuma yake anakanyaga breki.