Mashuka ya Gesti

Wazo lilitoka kwa binti yangu anayeishi Dar es Salaam. Nilikuwa natimiza miaka sitini, naye akanitumia video ya sherehe ya kazini kwao: watu wazima wamejifunga mashuka meupe kama Warumi wa kale, bega moja wazi, majani kichwani, wanacheka hovyo. "Mama, fanya hii," akaniambia. "Mashuka si unayo?"

Mashuka ninayo kweli. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na gesti ya vyumba vinane hapa Msasani ya Tukuyu, si ile ya Dar, na alipofariki nikaifunga. Kila baada ya miezi michache nayafua yasinuke kabatini, nayakunja, nayarudisha. Nikajiambia, angalau safari hii yatavaliwa.

Niseme ukweli, mimi ni mgumu. Baada ya mazishi sikutaka kuonwa na mtu. Majirani wakija, nasema nimelala. Wakifiwa, natuma salamu. Baadaye nilipoanza kutaka watu, hakuna aliyekuwa anagonga tena, na mimi niliona aibu kuanza. Kwa hiyo sherehe hii kwangu haikuwa mchezo. Nilitaka kujua kama bado kuna mtu anayeweza kuja nyumbani kwangu.

Majirani sikuwaalika, nilihofia wataniona nimechanganyikiwa. Nikawaalika wenzangu wa zamani wa kwaya, watu ishirini, kwa kadi ya kwenye simu. Walijibu "Amina" na "Hongera", na madole gumba mengi. Nikajiandaa. Binti alisema Warumi walikula wamejilaza, basi nikatandika magodoro ya gesti sebuleni. Zabibu Tukuyu nitazitoa wapi? Nikapanga ndizi mbivu na maparachichi kwenye sinia, na mataji nikasuka kwa majani ya mparachichi huohuo. Pini nikanunua sokoni. Mvua yetu naijua, nikakodi turubai na viti, vikashushwa Jumamosi asubuhi. Mashuka yote nikayaanika uani, nikaingia jikoni, sikutoka tena.

Saa nane hakuna mtu. Saa tisa ujumbe ukaanza kuingia: mmoja ana kikao, mwingine ana mafua, wengi kimya. Nikajifunga shuka langu hata hivyo, juu ya sweta, maana baridi ya huku haina habari na Warumi. Nikakaa kwenye godoro na taji langu kichwani, naangalia ndizi. Sijawahi kujisikia mpweke vile, hata siku ile ya kwanza baada ya matanga.

Ndipo nikasikia watu uani. Wengi. Mtu anakohoa, viti vinavutwa. Nilifurahi, nikakimbilia mlango kama nilivyo.

Walikuwa majirani. Wanawake wamejifunga kanga kiunoni, mikungu ya ndizi iko chini mbele yao. Wanaume wana kuni mabegani. Waliponiona na shuka langu jeupe, waliokaa wakasimama, na waliosimama wakarudi nyuma. Bibi wa nyumba ya tatu, ambaye zamani tulikuwa tunaombana chumvi, alijikalia chini palepale.

"Mama, kuna msiba wa nani?" nikamuuliza.

"Wako, mwanangu," akasema. "Hatujakuona siku nyingi. Tukaona turubai, tukaona mashuka meupe, tukasema basi, amekwenda."

Huku kwetu turubai likishushwa na hakuna kadi iliyopita mtaani, ni msiba, na msibani hakuna anayengoja kualikwa. Nilijua hivyo maisha yangu yote, na sikukumbuka.

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikawaeleza habari za Warumi na miaka sitini, wakasikiliza kwa heshima kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Halafu mzee mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Walikula wali wangu mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Shuka hakuna aliyekubali kujifunga. Walisema haraka ya nini.

Walipoanza kuondoka, bibi alinishika mkono. "Ndaga fijo, mwanangu. Tumeshukuru sana. Kuni tunakuachia, zitakufaa siku yenyewe."

Nikamuuliza nililotaka kujua tangu wafike. "Mama, mngejua ni sherehe, mngekuja?"

Aliniangalia bila hasira. "Ulituita?"

Jioni binti alipiga simu. "Mama, walikuja wangapi?"

"Ua ulijaa," nikamwambia. "Wengine walikosa viti."

Alifurahi sana, akataka picha. Nikasema simu iliishiwa chaji. Sikumwambia kwamba walikuja kunizika.