Kengele ya Mtu wa Mwisho

Kengele ya baiskeli yangu ilikufa masika ya mwaka ule niliopunguzwa kazi. Maji yaliingia ndani ya kifuniko chake, kutu ikashika, na kila nilipoibonyeza ilikoroma tu. Sikuitengeneza. Wakati ule nilikuwa sitengenezi kitu chochote.

Nilikuwa karani wa ghala la mahindi mjini Sumbawanga. Zamani mkulima wa Ufipa alikuwa na mnunuzi mmoja tu, nasi tulikuwa watu wake. Kisha biashara ikafunguliwa, wenye malori wakaanza kumfuata mkulima mpaka shambani, na ghala likabaki na panya na makarani wanne. Baadaye tukawa wawili. Mwisho nikabaki na barua mkononi. Madukani vitu vilijaa, sabuni za kila rangi, betri, makoti ya mitumba ya kuvaa wakati wa baridi, na watu wakawa wanasema mambo yamefunguka. Mimi yalinifungia mlango. Mke wangu alichukua watoto akaenda kwa kaka yake Mbeya, kwa muda tu, alisema, mpaka nipate pa kushika. Nikahamia chumba kimoja mtaa wa Kizwite nikiwa na kitanda, redio na baiskeli ya Kichina, ambayo niliilaza ndani usiku nikisema naogopa wezi. Ukweli ni kwamba sikupenda kulala peke yangu na kuta.

Aliyeniingiza katika kundi la Jumamosi ni fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko. Usiku wa Jumamosi zenye mwezi, watu kumi hivi walikutana kibandani kwake baada ya kula, wakatoka nje ya mji kwa barabara ya Namanyere, taratibu, hakuna kushindana, mpaka kwenye mikaratusi juu ya kilima cha tatu. Pale walipumzika, wakapiga soga, kisha wakarudi kunywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja wa Kizwite aliyekuwa akiuza mpaka usiku. Basi, hayo tu. Majirani waliwaona wendawazimu, maana baiskeli ni chombo cha kubebea gunia na mgonjwa, si cha kutembezea upepo. Mimi pia niliwaona hivyo, lakini nilikuwa na Jumamosi nyingi zisizo na kazi.

Waliokuwa na taa ya dainamo ni wawili tu, fundi aliyeongoza na mtu mmoja wa nyuma. Katikati watu waliendesha bila taa wakifuata sauti. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Kila tulipofika juu ya kilima, fundi alipiga kengele mara moja bila kusimama, wa pili akapiga, wa tatu akapiga, hivyo hivyo mpaka mkiani, na mtu wa mwisho alipiga mara mbili, kumaanisha mkia umefika. Kengele zikitimia, safari inaendelea. Zikipungua, wote wanageuka. Fundi alijivunia jambo hilo kuliko ufundi wake. Alikuwa akisema katika kundi lake hajawahi kulala mtu njiani.

Mgeni huwekwa mwisho, na mimi nilikaa mwisho miezi minne, kwa sababu hakuna aliyejiunga baada yangu. Mbele yangu aliendesha yule mwenye taa ya pili. Alikuwa mtu wa rika langu, Msukuma, ambaye baba yake alihama na ng'ombe kutoka huko kwao akateremkia bondeni, upande wa Kaoze. Yeye alipanda mjini akawa anaendesha mashine ya kusaga, na nywele zake hazikuisha unga hata siku ya kanisa. Tulimwita Mtu wa Mashine. Alinifundisha kuitikia salamu ya asubuhi ya kwao, na kila aliponiona, hata jioni, alinisalimia "Mwangaluka" kwa makusudi, ili anicheke nikijibu kwa lafudhi ya Kifipa.

Jumamosi yangu ya kwanza, zamu ya kengele iliponifikia, nilibonyeza ikakoroma. Upepo ukaumeza mlio wenyewe. Kabla sijajua la kufanya, nikamsikia Mtu wa Mashine akipiga yake, moja, akanyamaza kidogo, halafu mbili. Ile moja ilikuwa ya kwake, zile mbili zilikuwa zangu. Hakugeuka nyuma. Kilima cha pili akafanya vilevile, na tangu hapo akawa ananipigia kila kilima, kila Jumamosi. Wa mbele hawakujua.

Fundi aliiona kengele yangu mchana mmoja akasema niiache kibandani, ataisafisha bure. Nikamwambia ni nzima. Aliitazama kutu, akanitazama mimi, akasema mficha uchi hazai. Nikaondoka nimenuna. Nilikuwa karani mimi, nilikuwa na muhuri mezani, watu walinisubiri kwenye foleni, leo nihurumiwe kengele. Na kuna jambo jingine ambalo sikulikiri hata moyoni. Nilipenda kupigiwa zile mbili. Katika wiki nzima ndicho kitu pekee alichonifanyia mtu.

Usiku ninaousema ulikuwa wa Juni, baridi ya Ufipa ile ya kuuma masikio, na mwezi ulikuwa mchanga ukatua mapema. Barua ya mke wangu ilikuwa imefika Alhamisi. Watoto wameandikishwa shule Mbeya, aliandika, na hakuandika zaidi ya hapo. Kule kwenye mikaratusi watu walizungumzia bei ya dagaa wa Kabwe na nani ataoa baada ya mavuno, nami nilikaa pembeni nikingoja mtu aniulize nina nini. Hakuna aliyeuliza. Ningeulizwa ningesema sina kitu.

Tukirudi, katika kupanda kilima cha pili, cheni yangu ilikatika ikaanguka barabarani. Nilishuka. Wenzangu walikuwa wameshika kasi ya kukimbilia chai, na upepo ulinipuliza usoni. Niliita mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika. Kisha nikasimama nikisubiri kengele, maana nilijua zitapungua nao watageuka. Fundi akapiga kule juu. Zikafuatana moja moja, nikizihesabu, mpaka ya kumi. Halafu, baada ya kimya kidogo, zikalia mbili.

Zilikuwa zangu. Nimefika, nipo, mkia umetimia. Nikasikia matairi yakiteremka upande wa pili, na kicheko cha mtu, kisha sikusikia kitu.

Nisiseme uongo, nililia. Kisha nikakasirika, maana hasira ilikuwa rahisi kuibeba kuliko lile lingine. Nikaanza kukokota baiskeli nikijiambia kwamba hivi ndivyo nilivyo duniani, mtu anayeweza kukosekana na hesabu ikatimia. Sikujiuliza ni nani aliyeificha kengele mbovu.

Nilikuwa sijafika hata kilima cha mwisho nilipoona taa ikija kutoka mjini. Taa ya dainamo hucheza, hung'aa kwenye mteremko na kufifia kwenye mlima, na ile ilikuwa ikija kwa haraka. Nilimjua kabla sijamwona. Ningesimama tu barabarani ingetosha. Badala yake niliinua baiskeli, nikaivusha mtaro, nikaingia nayo katika shamba la ulezi na kuchuchumaa. Nilitaka anitafute. Nilitaka atafute sana, aone uchungu, arudi awaambie wenzake. Mtu mzima mwenye watoto wawili, nimejikunyata kwenye ulezi wa watu.

Alipokaribia alipunguza mwendo. Akapiga kengele mara mbili, akasikiliza. Akapiga tena mbili. Taa ilipita juu ya masuke, ikasita kidogo nilipokuwa, nami nikazuia pumzi. Kisha akakanyaga pedali akaendelea kupanda. Taa ilipopotea nyuma ya kilima nilitoka, nikashika njia ya mkato katikati ya mashamba, nikafika chumbani nikalala na viatu.

Asubuhi ya Jumapili mtu alibisha hodi. Alikuwa yeye, koti lake limelowa umande, macho mekundu, na mkononi cheni iliyotumika lakini nzima. Hakusema Mwangaluka. Alisema habari za asubuhi, kama mtu anayeingia ofisini. Akanieleza kwamba jana walipokaa kwa mama wa chai, kikombe kimoja kilibaki, mama akauliza mwenzenu yuko wapi, na wote wakamjibu kengele zilitimia. Ndipo yeye alipowaambia kwamba zangu huwa anapiga yeye. Fundi alitaka wote warudi. Yeye akawazuia, akasema kosa ni lake, atakwenda peke yake. Kule kilima cha pili aliikuta barabarani cheni yangu iliyokatika.

Nikamwambia nilipita njia ya mkato, nilifika mapema, tumepishana tu. Nilisema huku nikiitazama ile cheni.

"Sawa, kaka," alisema.

Akainama, akaanza kuifunga ile cheni kwenye baiskeli yangu, nami nikasimama kama mteja. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali. Kisha akakigusa kile kioo chekundu kilicho nyuma ya madigadi.

"Hiki kilinimulika kwenye ulezi," alisema. "Nikasema, huyu ana lake moyoni, nisimwaibishe. Nikaenda kukungoja pale juu, utoke mwenyewe. Nimekungoja mpaka jogoo wa kwanza."

Nilikuwa na maneno mengi, ya kuomba radhi, ya barua ya Mbeya, ya chumba na kuta zake. Yote yalikuwa pale mdomoni. Nilichosema ni asante kwa cheni. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kanisani.

Wiki ile niliipeleka kengele kwa fundi. Aliifungua, akaisugua kwa mafuta ya taa, ikalia vizuri kuliko zote. Jumamosi iliyofuata nilikaa mahali pangu mkiani, nikiwa nimejiandalia la kumwambia Mtu wa Mashine tukifika kwenye mikaratusi. Lakini mbele yangu aliendesha mtu mwingine. Baba yake Mtu wa Mashine alikuwa mgonjwa, nikaambiwa, naye mwenyewe ameteremka Kaoze kuangalia ng'ombe. Hakurudi mashineni tena, na mimi sikuteremka kumfuata, ingawa ni mwendo wa siku moja tu na baiskeli ilikuwa nzima.

Juu ya kilima cha kwanza kengele zikaanza kuja. Zamu iliponifikia nilipiga mara mbili, mwenyewe. Kule mbele fundi akapaza sauti kwamba tumetimia wote, nasi tukateremka.