Muhogo wa Siku ya Nne

Mama peke yake ndiye aliyejua dada yangu alizikwa wapi. Alimzika tukikimbia vita, kando ya barabara, kabla ya kufika Mboko. Mimi nilikuwa mgongoni mwake.

Kila nilipomtembelea kijijini kwake Lweba, alisema: "Twende nikuonyeshe."

Mimi ni mkusanya habari wa redio mjini Baraka, mtu wa daftari na ratiba. "Mama, juma ijayo." Nilirekodi akina mama wengine wakieleza makaburi ya watoto wao. Wangu nilimwekea juma lijayo.

Siku moja, akitia mihogo kwenye beseni la maji, aliniambia: "Unapanga siku sawa vile ziko zako. Mihogo inakaa mu mayi siku tatu. Ya ine inaoza. Haiulize kama weye uko na kazi."

Nilicheka. Hata hayo nikayaandika.

Halafu jirani yake akanipigia simu. Nilimkuta Mama amelala ubavu, mdomo umepinda, sauti imekwisha. Mlangoni beseni lilitoa povu na harufu kali. Tangu aanguke hakuna aliyekumbuka kuiopoa mihogo.

"Mwandishi, leo umekuya?" jirani aliniambia. "Kalamu imeisha?"

Muda haukuwa mfupi. Nilikuwa nao miaka yote, nikautumia kuupanga.

Asubuhi iliyofuata nilikodi pikipiki. Mama aliketi kati yangu na dereva, nimemfunga kifuani kwangu kwa kitenge, kama alivyonifunga mgongoni mwake. Nilimshika mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Kutoka Lweba kuelekea Mboko, kwenye kila daraja, kila kichuguu, niliuliza: "Ni hapa, Mama?"

Mkono ukanibana.

"Simama!"

"Ni shimo, papa," dereva alisema. "Tumeruka shimo. Si yeye."

"Mama, rudilia, bana tena. Ni hapa?"

Mkono ulitulia. Macho yake yalikuwa kwenye shamba la mihogo la mtu nisiyemjua, au kwenye vumbi tu. Nilimfungua, nikamwacha ameegemea dereva, nikatembea matuta yote nikiinama kama niliyeangusha ufunguo. Hakukuwa na jiwe wala msalaba.

Dereva alitazama jua. "Tutarudia kesho?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Geuza. Tuanzie pale darajani tena, polepole. Sasa hivi."