Chombo Kisicho na Kifuniko

Mama wa usafi katika ofisi moja mjini Baraka huvipiga viti kitambaa kana kwamba vimemkosea. Mbele ya picha ya ukutani tu ndipo mkono wake hupoa: meza imechorwa ikiwa imeinama, vikombe bapa, kisu, chombo cha maziwa kilicho wazi. Kila asubuhi vidole vyake huishia kwenye mdomo wa chombo hicho. Leo Fanny, karani, amemuuliza anatafuta nini pale.

“Mufuniko,” akajibu bila kugeuka. “Siku tulikimbia vita kule kwetu Bibokoboko, nilifunga mulango na ufunguo. Maziwa nikaiacha wazi.”

“Lakini mama, hii ni rangi tu.”

“Najua, mwanangu,” akasema, na kiganja chake kikabaki palepale, kimeufunika mdomo wa chombo.